Mama Hajazaliwa Bado

Jumatatu, 1 Juni

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya majoho ya kwaya. Kurasa za mwanzo zina vifua, mabega na urefu wa waimbaji ishirini na wanne, kila mmoja na jina lake juu. Kurasa zilizobaki ni nyingi, na mambo niliyo nayo moyoni siwezi kumsimulia mteja nikiwa na pini mdomoni. Basi nitayaandika hapa, nyuma ya Kivuva wa sauti ya nne, kifua inchi arobaini na nne, Mungu ambariki.

Habari ya leo ni hii: mtoto ambaye Debra amembeba tumboni ni wa kike. Ameonyeshwa kwenye picha kliniki. Debra ni mdogo wangu, ana miaka arobaini na moja, na Joyline wake wa kwanza ana miaka tisa. Alinipigia simu nikiwa dukani huko mjini na nikakata shingo ya joho vibaya kwa furaha.

Mama nilimwambia jioni, hapa nyumbani Mountain View. Alikuwa anachambua maharagwe huku akiimba, kama anavyofanya kila kitu huku akiimba. Alinyamaza, akaweka sinia chini, akasema, "Basi nitazaliwa."

Niandike vizuri ili nisije nikasahau hasira yangu ilianzia wapi. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na wa pili jina la mama ya mama yake. Jina hilo si heshima tu. Ni wewe mwenyewe umerudi mdogo ukiwa bado una macho ya kujiona. Mama ana miaka sabini na sita, alituzaa sisi mabinti wawili tu, na hakuna mtoto duniani anayeitwa Wahu kwa ajili yake. Mimi nilipata wavulana wawili. Wa kwanza akachukua jina la babu yake wa upande wa mume wangu, wa pili akawa Mbuthia, baba yangu. Ndiyo maana mpaka leo kijana huyo namwita "baba", hata ninapomfokea aoshe vyombo. Baada yake kizazi changu kilitolewa. Debra naye, binti wake wa kwanza alikuwa zamu ya upande wa mumewe. Kwa hiyo mtoto huyu ndiye. Hakuna mwingine nyuma yake.

Jumamosi, 6 Juni

Shem, mume wa Debra, ndiye mwalimu wa kwaya yetu. Siku za wiki hufundisha watoto wa Lavington piano, nyumba kwa nyumba, na kila geti humwandika upya kama mgeni ambaye hajawahi kuonekana. Ni Mbukusu wa Bungoma, mrefu, mpole mpaka anakera. Mwaka huu ameamua kwamba kila baada ya wiki mbili kwaya nzima itapanda Milima ya Ngong, mpaka tamasha la Agosti. Eti mtu anayeweza kuimba akipanda mlima hawezi kuishiwa na pumzi jukwaani.

Leo ilikuwa mara ya kwanza. Milima ni saba. Tulifika wa pili. Sauti ya kwanza walikaa kwenye nyasi wakiwa kimya, jambo ambalo halijatokea tangu kwaya ianzishwe. Upepo ulikuwa unatafuta mahali pa kuingilia kwenye kila nguo. Shem alikuwa anarudi nyuma kwa kila mtu, "Pole pole, shemeji, pumua chini, pumua kwa tumbo." Nilimwambia tumbo langu lina kazi zake.

Jumatano, 10 Juni

Baridi. Majoho manne yamekwisha.

Jumapili, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baada ya kanisa Debra na Shem na Joyline walikuja kula kwetu. Mama alikuwa amepika mukimo, na nyama ile anayoifanya siku za maana tu. Wote waliposhiba, alijifuta mikono kwa leso na kumgeukia Shem.

"Baba Joyline, huyu wa pili ni wangu. Huyu ni Wahu."

Hakuuliza. Alikuwa anasema tu jambo ambalo liko, kama mtu anayesema leo ni Jumapili. Shem aliweka kijiko chini taratibu.

"Mama, hiyo jina siwezi."

"Huwezi aje?"

"Siwezi tu, Mama. Nisamehe. Nipatie jina ingine yoyote, nitaandika."

Mama alisimama na kuanza kukusanya sahani, hata yangu ambayo ilikuwa bado na chakula. Nilimtazama Debra. Alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili.

"Msiniangalie hivyo," akasema. "Mimi nimebeba mtoto, sijabeba bunge."

Waliondoka kabla ya chai. Jioni Mama alikaa kitandani bila kuwasha taa, nami nikaenda kukaa karibu yake. Akaniuliza kama najua sababu. Nikamwambia ni ukabila tu, kwamba Shem hataki jina la Kikuyu nyumbani kwake.

"Amekuambia hivyo yeye mwenyewe?"

"Ameniambia."

Hakuwa ameniambia. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Hakuwa ameniambia neno lolote.

Jumatatu, 15 Juni

Mama ameamka akachambua mchele. Hakuimba.

Jumamosi, 20 Juni

Ngong tena. Nimetembea na Kivuva ili nisitembee na Shem. Kivuva alinieleza habari za magoti yake kutoka langoni mpaka kilima cha tatu, na nilimsikiliza kwa makini ambayo magoti hayo hayastahili.

Pale juu kuna mahali ambapo ukigeuka huku unaona Nairobi yote, majumba ya mjini yamesimama kwenye moshi, na ukigeuka huku unaona Bonde la Ufa, kavu na pana, kama nchi mbili zilizoshonwa kwa mshono mmoja. Shem alitupanga kwenye mshono huo tukaimba. Mitambo ya upepo ilikuwa inazunguka juu yetu ikivuma kwa noti yake moja. Shem alisema tuishike hiyo noti, ni bure. Watu walicheka. Mimi sikucheka, na aliona.

Ijumaa, 26 Juni

Baridi, manyunyu. Siku ya kumi na mbili Mama hajaimba. Mume wangu ameniuliza kama redio imeharibika, kisha akakumbuka kwamba hatuna redio jikoni.

Jumamosi, 4 Julai

Leo nitaandika mpaka kalamu ikatae.

Tulifika kilima cha nne. Wengine walikaa kula mayai na viazi vitamu. Mimi nilisogea kando, nyuma ya kichaka kinachozuia upepo, na Shem akanifuata. Alikaa kwenye jiwe, mbali kidogo, kama mtu anayemkaribia ng'ombe asiyemjua.

"Shemeji, umeninyamazia wiki tatu."

"Wewe ulianza," nikasema.

Akakubali kwa kichwa. Aling'oa majani, akayasuka kwa vidole. Vidole vyake ni virefu na havitulii, vimezoea kinanda. Kisha akaanza kunieleza, na sikumkatiza, jambo ambalo watu wanaonijua hawataamini.

"Kwetu jina ya mtu ako hai haiguswi," akasema. "Mtu akienda, ndio anarudi kwa mtoto. Mtoto analia, wazee wanaita majina ya wale walienda, moja moja, na akinyamaza, wamejua ni nani amerudi. Lakini mtu ako hai? Ukimpatia mtoto jina yake, ni kama umemwambia nafasi yake imechukuliwa."

Nikasema hayo ni mambo ya zamani. Yeye ni mwalimu wa kwaya, anasoma Biblia kuliko mchungaji.

"Hata mimi nilisema hivyo. Dada yangu Phoebe alipata msichana, miaka kumi na moja imepita. Mama yetu alikuwa amekaa huku Nairobi, ameona majirani Wakikuyu wanaita watoto majina ya nyanya wakiwa hai, akapenda. Akasema, mimi pia nataka kujiona. Wazee walikataa. Mimi ndio niliwaambia wanyamaze, nikamwambia Phoebe andika. Akaandika Nanjala. Mama alifurahi, shemeji! Alimbeba huyo mtoto kijiji chote akimwambia kila mtu, nisalimieni mimi."

Akaacha kusuka majani.

"Alimaliza wiki tano. Akaanguka akichota maji. Hakuwa mgonjwa."

Upepo ulikuwa mwingi. Nikamuuliza kama anaamini kweli kwamba jina ndilo lililomuua.

"Siamini. Nikikaa hapa nikifikiria, siamini. Lakini nikichukua kalamu niandike Wahu, mkono unakataa. Mama yenu ndio mama nimebaki naye. Akienda baada ya wiki tano, mimi nitaishi aje?"

Aliniomba nisimwambie Mama. Aliona kwamba kumweleza mtu mzee habari hiyo ni kama kumtajia kifo mezani. Heri amdhanie mkaidi, akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba Mama hamdhanii mkaidi. Mama anamdhania mkabila, kwa sababu mimi nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Sikuweza. Nilimpa yai langu la kuchemsha. Alilila lote na akashukuru, na mimi nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa msichana.

Miaka kumi nimemwona mtu huyu mezani kwangu. Nilijua anakula ugali mkubwa na anacheka bila sauti. Sikujua kingine.

Jumapili, 5 Julai

Sijamwambia Mama. Ulimi haukuwa na mfupa ulipotakiwa kunyamaza, na leo unapotakiwa kusema umekuwa mti mkavu.

Jumanne, 7 Julai

Ukungu mpaka saa tano. Sijamwambia.

Alhamisi, 9 Julai

Joyline alilala kwetu. Ana kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, akamkalia Mama kwa maswali na kalamu za rangi.

"Shosho, mbona dada yako aliitwa Wamugunda? Hiyo ni jina ya nani?"

Mama alicheka kidogo, mara ya kwanza mwezi huu. Akamweleza kwamba nyanya zake wawili, wa kwa baba na wa kwa mama, wote waliitwa Wahu. Yeye akazaliwa kwanza akachukua wa kwa baba. Dada yake alipozaliwa, zamu ya nyanya wa pili, jina tayari liko nyumbani, na huwezi kuita watoto wawili jina moja wote wakaja mbio. Kwa hiyo wakatafuta kitu ambacho nyanya huyo alijulikana nacho. Alikuwa mtu wa shamba, alilala na jembe karibu. Wakamwita mtoto Wamugunda, wa shamba.

"Na nyanya hakukasirika hawakumpatia jina yake yenyewe?"

"Akasirike kwa nini? Kila mtu akisikia Wamugunda alijua ni yeye. Hakukuwa na mwingine mwenye jembe kama lake."

Joyline akaandika. Kisha akauliza, kwa sauti ya watoto isiyo na breki, "Na wewe Shosho, wewe ni nani kwa hii mti?"

"Mimi bado sijazaliwa," Mama akamwambia. Nilitoka nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Jumapili, 12 Julai

Sijamwambia. Mama ameomba tuhamie benchi la nyuma kanisani ili asimtazame Shem akiongoza. Nimeacha nafasi yangu ya kwaya nikamfuata huko nyuma kama mbwa aliyeiba nyama.

Jumamosi, 18 Julai

Kilima cha tano. Kivuva aliteleza akakalia matope, magoti yake yako salama. Shem aliniuliza, "Mama anaendeleaje?" Nikasema vizuri. Sasa nawadanganya wote wawili.

Jumatano, 22 Julai

Majoho kumi na tisa. Debra alikuja dukani kupimwa gauni la wiki hizi za mwisho. Nilipomzungushia utepe tumboni mtoto alipiga teke, tukaliona teke kwenye utepe. Tulicheka, kisha tukakumbuka.

"Nimechoka, Ciru," akaniambia. "Shem haongei, Mama haongei. Nikijifungua mtanipata nimesahau kusema."

Nikamuuliza kama anajua kilichompata mama yake Shem. Akasema anajua, alimwapia mumewe kwamba hatasema. Dada yangu anaweza kutunza siri ya kweli, na mimi sikuweza kuzuia uongo siku moja.

Jumatano, 29 Julai

Nimemwambia.

Nilifunga duka mapema. Mjini kulikuwa na mvua ile nyembamba isiyojua kama inakuja au inaenda. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anashona pindo za majoho, kwa sababu amekataa nimlipe mtu mwingine. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, chini, mahali nilipokuwa nikikaa akinisuka.

Nilianza na uongo wangu. Nilimwambia: Mama, ile Jumapili nilikuambia Shem amesema hataki jina la Kikuyu. Hakusema. Nilitunga. Sindano yake ilisimama. Kisha nikamweleza habari ya Nanjala, tangu mwanzo, mpaka ile ya kuchota maji, na kwamba Shem aliniomba ninyamaze. Nilisema yote bila kumtazama.

Niliogopa kwamba nimefanya lile ambalo Shem aliogopa, nimemtajia kifo chake akiwa na sindano mkononi.

"Wiki saba," akasema hatimaye. "Wiki saba nimemchukia mtoto wa watu."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nimekasirika na wewe sana, na unastahili."

Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Hiyo Ngong yenu ni lini?"

"Jumamosi."

"Nitafutie viatu."

Alhamisi, 30 Julai

Viatu vya kijana wangu Mbuthia vinamtosha akivaa soksi mbili. Tumejaribu kumzuia, mimi, mume wangu na Debra kwa simu. Amesema alipokuwa msichana alibeba kuni kupanda miinuko ambayo sisi tungehitaji lifti.

Jumamosi, 1 Agosti

Nimeoga maji moto na bado nasikia baridi kwenye mifupa, lakini lazima niandike leo, kesho nitakuwa nimepunguza.

Mama alipofika langoni na fimbo yake, kwaya yote ilimpigia makofi. Shem alimsalimia kwa mbali, macho chini. Mama akamwendea moja kwa moja, akaweka mkono wake kwenye mkono wa Shem kama watu wanaokwenda harusini.

"Mimi ni mzee," akasema. "Nitembeze."

Shem alinitazama juu ya kichwa cha Mama. Alijua nimesema. Sikuyakwepa macho yake.

Walikuwa nyuma, wakienda polepole. Mimi nilikuwa mbele na Joyline na wengine. Kilima cha kwanza, cha pili, nilikuwa nikigeuka nawaona, yule mrefu na yule mfupi. Hawakuonekana wakiongea. Kilima cha tatu vilevile. Tulipokuwa juu ya cha nne, ukungu ukaja kutoka upande wa bonde. Haukuja kidogo kidogo. Nilikuwa namtazama Kivuva akimenya ndizi, kisha Kivuva akaondoka machoni pangu na ndizi yake. Joyline alikuwa amenishika mkono na sikuwa naona uso wake.

Askari wa msitu aliyekuwa nasi akapaza sauti, kila mtu akae alipo, asitembee, kuna makorongo huko kando. Kulikuwa na vikundi vingine mlimani, wanafunzi, watu wa ofisi, nikawasikia wakiitana ovyo, majina yakigongana. Niliita "Mama!" Upepo uliniondolea neno mdomoni. Niliita tena. Joyline akaanza kulia, "Shosho ako wapi? Daddy ako wapi?" Niliona wazi kabisa kichwani mwangu Mama amelala chini ya korongo na viatu vya Mbuthia. Nilisema moyoni, haya ndiyo malipo yangu. Mtoto hata hajazaliwa, jina hata halijaandikwa, na Mama ameenda.

Kisha nikasikia wimbo.

Ilikuwa sauti ya Mama. Si ile ya jikoni. Ile ya zamani, aliyokuwa nayo akiongoza akina mama kanisani nikiwa mdogo, ya kuita. Ulikuwa wimbo mmoja wa kanisa wenye beti nyingi mno, ambao vijana huukimbia. Aliimba mstari, na chini yake, karibu kabisa, ikaja sauti nzito ya Shem ikimjibu. Akaita, akajibiwa. Ukungu ulikuwa umemeza kila kitu isipokuwa hizo sauti mbili.

Kivuva akaudaka kutoka mahali alipokuwa. Sauti ya kwanza wakaingia, kisha ya pili, na mimi nikaanza kuimba huku nikilia. Askari akasema haya, wale walio kwenye njia waifuate sauti, pole pole, mkono kwa mkono. Tukashuka hivyo. Wanafunzi wakaja, watu wa ofisi wakaja, kila mtu akitokea kwenye weupe akiwa na macho makubwa. Tuliwakuta wamekaa chini ya njia, migongo kwenye jiwe, Shem amemfunika Mama kwa koti lake na yeye amebaki na shati. Tulikuwa watu kama hamsini tumekaa tukiimba beti zile zote. Mama hakuruka hata moja.

Ukungu ulipofunguka kijana mmoja wa ofisi, aliyekuwa amepotezana na wenzake, alikuja kumshika mkono Mama kwa mikono miwili. "Asante, shosho wa nyimbo. Ningekuwa nimeshaanguka huko." Wengine wakalichukua hilo. Mpaka tunafika langoni ilikuwa shosho wa nyimbo huku, shosho wa nyimbo kule, picha na shosho wa nyimbo.

Lakini nilichotaka kuandika ni hiki. Kabla hatujainuka pale kwenye jiwe, Mama alimwambia Shem, nami nilikuwa karibu nikasikia:

"Nilidhani unanikataa. Kumbe unaniogopea."

Shem alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mtoto mwite jina unataka," Mama akasema. "Sitauliza tena. Mimi nimetosheka, mwanangu."

Najua uso wa Mama akiwa ametosheka. Haukuwa ule. Alikuwa amempa mkwe wake kitu ambacho yeye mwenyewe alikitamani maisha yake yote, na akampa kwa moyo mweupe, na bado kilimuuma. Viwili vinaweza kukaa pamoja.

Jumapili, 2 Agosti

Mama ameimba akichambua mchele. Ameniambia amenisamehe jana, saa sita na nusu, ila alisahau kunijulisha.

Jumanne, 11 Agosti

Jua! Nusu saa. Kila mtu wa ofisi za jirani alitoka kusimama barabarani kama mijusi.

Jumamosi, 15 Agosti

Tamasha. Namba mbili kati ya kwaya kumi na tatu. Waamuzi walisema pumzi zetu zilikuwa za ajabu. Majoho yalikaa vizuri, hata la Kivuva.

Alhamisi, 20 Agosti

Debra amejifungua alfajiri, salama, mtoto wa kike. Nilimpigia vigelegele kwenye korido mpaka muuguzi akanitoa. Shem ameacha nafasi ya jina wazi kwenye fomu.

Jumamosi, 22 Agosti

Wamerudi nyumbani kwao Kangemi, na mtoto analia. Alilia jana, amelia leo. Amenyonya, ni mkavu, hana joto, analia tu, ngumi juu.

Mchana Phoebe alipiga simu kutoka Bungoma. Wakaiweka karibu na mtoto, naye akaanza kuita majina ya wale waliokwenda, mmoja mmoja, shangazi, nyanya, nyanya wa nyanya. Mtoto alilia juu ya kila mmoja. Mama, aliyekuwa amesema hatauliza tena, alikuwa kwenye kochi ametulia, na niliona anayahesabu majina kwa vidole, akitaka kweli mmoja apatikane.

"Jaribu Nanjala tena," akamwambia Phoebe kwenye simu. "Labda mama yenu amerudi mara mbili."

Phoebe akamwita Nanjala. Mtoto akalia zaidi. Majina yakaisha, simu ikakatwa, na Debra naye akaanza kulia.

"Nipe," Mama akasema.

Alimweka begani. Hakuita jina lolote. Akaanza kuimba chini chini ule wimbo wa kwenye jiwe, na kufika mstari wa pili mtoto alikuwa ameachia ngumi zake. Kimya kikaingia nyumbani. Shem alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono yake ina povu la sabuni.

"Mama," akasema. "Yule dada yako, wa kwenye mti wa Joyline. Alipewa jina gani?"

"Wamugunda."

"Kwa sababu nyanya alikuwa mtu wa shamba."

"Eeh."

"Na jina yake yenyewe haikuguswa."

"Haikuguswa. Aliendelea nayo mpaka miaka tisini na mbili."

Shem alijifuta mikono kwenye suruali, akachukua ile fomu juu ya kabati na kalamu, akakaa mezani. Tulikuwa tunamtazama sote, hata Joyline. Mkono wake haukukataa. Aliandika herufi kubwa, taratibu, kisha akampelekea Mama, akamshikia karatasi kwa sababu mikono ya Mama ilikuwa na mtoto.

WANYIMBO.

"Hii si jina yako, Mama," akasema. "Yako kaa nayo. Kaa nayo sana. Lakini kila mtu akiita huyu, ajue ni nani."

Mama alisoma. Midomo yake ililitamka mara mbili bila sauti. Kisha akalia, Mama yangu ambaye hakulia hata tulipomzika baba, akalia wazi, na Shem akapiga magoti mbele ya kochi akiwa bado ameshika karatasi hewani.

"Nimezaliwa," akasema Mama. "Joyline, leta kalamu zako. Nichore kwenye mti wako."

Jumapili, 23 Agosti

Jua tangu asubuhi, na hakuna aliyelishangaa.

Nilipitia kwao baada ya kanisa nikiwa na utepe wangu, nishone kofia na gauni la kubatiziwa. Nimetafuta ukurasa mtupu na huu ndio uliobaki wa mwisho, kwa hiyo naandika hapa kama nilivyowaandika wengine wote mwanzoni.

Wanyimbo. Urefu, inchi ishirini. Kifua, kumi na tatu na nusu. Kichwa, kumi na tatu na robo tatu. Alinishika utepe akakataa kuuachia, na nikamwambia, "Polepole, Mama, nakaribia kumaliza."